Hesabu ya Usiku Mmoja



Juzi saa tatu usiku inveta yangu ilianza kulia. Wenye sola hapa Bunia mnaujua mlio ule: tii, tii, tii, halafu giza. Majirani walikuwa wamejaa sebuleni kwa ajili ya mpira, nami nikabaki nimeshika tochi ya simu, sina la kuwaambia. Jana yake tu nilikuwa nimejisifu kwamba nyumba yangu haingojei tena umeme wa Budana.

Budana yenyewe tusiilaumu sana. Kituo kile cha mto Shari kilijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa televisheni za Mudzipela na Nyakasanza. Mji umekua, maji ni yale yale. Basi tunakwenda sokoni kununua jua.

Nami nilikwenda. Nilimwambia muuzaji: nina dola mia mbili, nipate nini? Akanipa vitu vya dola mia mbili. Sikuona kosa lake. Nilimuuliza habari ya mfuko, akanijibu habari ya mfuko.

Fundi niliyemwita kesho yake hakugusa hata waya. Aliketi barazani akauliza: "Papa, nyumba yako inakula nini usiku mmoja?" Sikuwa na jibu. Tukachukua daftari la mtoto, tukaandika. Wewe pia shika kalamu, maana redioni namba hazirudi nyuma.

Taa nne za wati 5, masaa matano: wati-saa 100. Televisheni ya wati 40, masaa manne: 160. Simu nne, tuseme 15 kila moja: 60. Redio ya wati 5, masaa sita: 30, na hiyo naomba usiipunguze. Jumla 350. Lakini inveta, waya na batri ni kama vizuizi vya barabarani, kila kimoja kinakata chake. Fundi akaandika 500.

Sasa jua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni masaa 12 mwaka mzima, ila jua la asubuhi si la adhuhuri. Ukilikusanya lote ukalifanya jua kali la saa sita mchana, siku za mvua hesabu masaa manne tu. 500 gawa kwa 4 ni 125. Paneli ya wati 150 inatosha, hata kama vumbi letu jekundu limeikalia kidogo.

"Lakini yangu ni ya 150!" nikamwambia. Imeandikwa mgongoni.

Fundi akaomba mkanda wa kupimia nguo. Sentimita 70 kwa 50. Paneli za leo, mita moja ya mraba hutoa kama wati 200; hata iliyo bora kabisa haipiti sana 250. Yangu ilikuwa kama theluthi moja ya mita ya mraba, yaani wati 70 hivi. Yale maneno ya upole niliyosema juu ya muuzaji, nayafuta.

Batri nayo ilikuwa ya gari. Batri ya gari kazi yake ni kupiga stata kwa nguvu, mara moja, kisha injini iichaji. Ukiifanya itoe kidogo kidogo mpaka alfajiri, kila siku, haimalizi mwaka. Ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi usile zaidi ya nusu: 600. Zile 500 zetu zinaenea. Ya lithiamu huruhusu kuliwa karibu yote, kwa hiyo ampea-saa 60 zingetosha, ila bei yake inakaza shingo. Mimi nimechukua ya risasi.

Mama mmoja jirani, muuza vinywaji baridi, alikuwa akitusikiliza juu ya ua. Akauliza: na friji? Friji ndogo ya kugandisha yaweza kula wati-saa 1,000 kwa siku, mara mbili ya nyumba yangu nzima, na kila inapoanza kuzunguka huvuta nguvu nyingi kwa ghafla hata inveta ndogo ikazimika. Akacheka, akasema kumbe chupa zake zinakula kuliko watoto wangu.

Pasi ya umeme ni wati 1,000. Nusu saa ya kunyoosha mashati ya Jumapili ni 500, usiku wetu mzima. Pasi ya makaa imerudi jikoni.

Paneli mpya nimeinunua Jumamosi, kwa kuipima. Muuzaji alinitazama vibaya nilipotoa mkanda mfukoni. Bado uko humo, na mama watoto ameuulizia mara tatu.