Kumbukumbu za Makaburi, Unguja hadi Ujiji



Misafara ya zamani iliwafikisha watu wa Unguja na Mrima hadi Ujiji. Huko wakaoa, wakazaa na wakazikwa. Anayeingiza nasaba yao katika programu ya kompyuta azingatie mambo matatu.

Kwanza, asichanganye kifo na maziko. David Livingstone, aliyekutana na Stanley Ujiji mwaka 1871, alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa huko. Mwili ulibebwa na Susi, Chuma na wenzao hadi Bagamoyo, ukapitia Unguja, ukazikwa London mwaka 1874.

Pili, tarehe ya Hijria inukuliwe kama ilivyo juu ya jiwe, na ya Miladia iandikwe kando. Aliyefariki usiku wa Ijumaa amefariki Alhamisi baada ya magharibi.

Tatu, makaburi mengi hayana maandishi. Hapo shahidi ni mzee anayejua nani amelala wapi. Maneno yake yaandikwe, pamoja na jina lake na siku aliyoyasema. Akizikwa kabla ya kuulizwa, makaburi aliyoyajua yatapotea pamoja naye.