Asiyeweza Kusema Anaumwa

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Nunguni)



Leo hatukuja na habari za mbegu wala mabati. Tumekuja na habari ya binti wa mwenzetu mmoja kikundini. Ana ulemavu wa akili, na maneno yake ni machache. Alianza kujipiga shavuni, chakula hataki, usiku halali. Sisi tulisema nini? "Ndivyo alivyo." Tukamwombea, tukaenda zetu. Wiki tatu baadaye mhudumu wa afya akamfungua kinywa: jino limeoza, ufizi umejaa usaha. Likang'olewa. Akala, akalala.

Ndugu, tuliona aibu. Kila kitu tulikuwa tumekiweka juu ya ulemavu wake. Basi tumejifunza haya:

Kwanza, tabia ikibadilika ghafla, tafuteni ugonjwa. Tazameni meno, masikio, homa, na kama anapata choo.

Pili, kifafa si pepo. Ni ugonjwa, na wengi wenye ulemavu wa akili wanao. Kina dawa, na dawa haiachwi ghafla bila kuambiwa na daktari.

Tatu, mama asiende peke yake. Hospitali ya Kilungu iko hapa hapa Nunguni, lakini kwa mama aliyebeba mtoto mkubwa mgongoni vilima hivi ni virefu. Sisi ni watu wa mwethya. Kama tunalimiana mashamba kwa zamu, tutashindwaje kusindikizana kwa zamu? Mmoja aende naye, mwingine abaki na wale wadogo. Na mkifika, msiseme tu "ana ulemavu." Semeni: "Huyu alikuwa anakula vizuri, sasa ni siku tatu hali." Hapo nyinyi ndio ulimi wake.

Nne, apimwe, aandikishwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Si kuomba huruma. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya matibabu. Kifungu cha 54 kinasema mwenye ulemavu aitwe na atendewe kwa heshima. Basi yale majina ya kumcheka tuyaache leo.

Mkirudi nyumbani, kila kikundi kijiulize: ni boma gani lina mtu aliyefichwa? Mtembeleeni wiki hii. Mkae naye, si na mamake tu.

Mungu awabariki.