Cheti cha Ubaharia Hakinunuliwi Ufukweni

(Hotuba kwa wakazi wa ufukwe wa Ziwa Mweru, Nchelenge)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kanuni mpya za usalama kwa mabaharia wa meli za biashara, na jinsi kijana anavyojiandaa kwa mitihani yao. Huenda mzee mmoja hapa anajiuliza: bahari i wapi hapa Nchelenge? Swali ni la haki. Maji ya Mweru hutokea Pweto kwa Mto Luvua, na hakuna meli ya bahari iwezayo kuupanda mto ule hadi kwetu. Lakini vijana wetu wanaitamani kazi ya bahari, na wale wanaoitumia tamaa hiyo kuwadanganya wamekwisha kufika hapa.

Mzazi mmoja alitujia kituoni akiwa na karatasi yenye muhuri mzuri sana. Alikuwa ameuza mtumbwi na nyavu ili mwanawe apate cheti cha ubaharia na kazi ya melini huko Ghuba. Kijana mwenyewe hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Simu ya mwuzaji haikupatikana tena. Tuliandika malalamiko yake na kufungua jalada; mtumbwi hatukuweza kumrudishia.

Basi yafaa kujua cheti cha kweli hupatikanaje. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia ulipitishwa mwaka 1978, ukafanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010. Mafunzo ya msingi ya usalama yana sehemu nne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu kwa wenzako melini. Tangu tarehe 1 Januari 2026, sehemu hiyo ya nne imeongezewa somo la kuzuia na kukabili ukatili na unyanyasaji melini, ukiwemo wa kijinsia. Sisi tunaopokea kesi za namna hiyo nchi kavu twaona somo hilo limechelewa.

Mambo haya hayafundishwi kwa simu. Mwanafunzi huruka majini akiwa na jaketi okozi, hugeuza chelezo kilichopinduka, huingia chumba chenye moshi akiwa na kifaa cha kupumulia, na mkufunzi anamtazama. Hata baada ya kufaulu, kila miaka mitano hana budi kuthibitisha kwamba uwezo wake wa kujiokoa na kuzima moto haujapotea. Anayetaka njia hii na aulize moja kwa moja chuoni, kama Chuo cha Bahari Dar es Salaam au chuo cha mabaharia cha Bandari kilichopo Mombasa, wala asiulize kwa mtu wa katikati.

Jambo jingine wadanganyifu hawalisemi. Kwa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, anayetafuta kazi melini hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Atagharimia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Na mtoto aliye chini ya miaka 16 haajiriwi melini kabisa. Akichukuliwa, hilo si suala la ajira tena, ni letu polisi.

Kwa anayejiandaa kwa mtihani, zipo kanuni za kuzuia kugongana za mwaka 1972, ambazo watahiniwa wengi huzikariri bila kuziona. Ninyi mnaweza kuziona. Vyombo viwili vya injini vikielekeana uso kwa uso, kila kimoja hugeukia kulia. Njia zikikatana, anayemwona mwenziwe upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Mtumbwi wa kasia usio na taa uwe na tochi tayari mkononi, iwashwe mapema. Fikirini usiku wa chisense: taa za wavuvi humpumbaza macho mwenye boti ya injini, na mtumbwi wenye giza uliopo katikati yake hauoni kamwe. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya meli inamfaa hata mvuvi anayerudi Kisiwa cha Kilwa.

Kuhusu kupakia kupita kiasi, tutasema kwa ufupi kwa kuwa mmekwisha kulisikia. Kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Jaketi lililofungwa chini ya magunia halimwokoi mtu. Na nahodha anayekataa abiria wa ziada asitukanwe gatini, kama tulivyosikia kwa masikio yetu.

Yeyote aliyeletewa karatasi ya ubaharia, au barua ya kazi ya melini, na ailete kituoni kabla fedha hazijatoka mkononi. Tutaitazama pamoja naye na kumsaidia kuuliza chuo kinachotajwa. Huduma hiyo hailipiwi.