Mzigo wa Mwenzio

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Wagalatia 6:1–5

Wewe uliye jikoni ukiwasha moto, na wewe uliye njiani kwenda kazini, karibuni tukae na Neno la Mungu kwa dakika chache.

Babu yangu alikuwa mcha Mungu. Alipookoka aliweka nadhiri kwamba siku ya Bwana hapana kazi itakayofanywa nyumbani mwake. Hapana kuteka maji, hapana kupasua kuni, hapana kusaga. Watu wa kanisa walimsifu kwa nadhiri hiyo, naye aliishika mpaka kufa kwake. Lakini kila Jumamosi jioni nilimwona nyanya akishuka mtoni mara nne badala ya mara mbili, kisha akirudi na kuni za siku mbili. Siku moja nilimwuliza, "Nyanya, mbona unajichosha hivi?" Akatua mtungi, akanyosha mgongo, akaniambia, "Mjukuu wangu, Jumapili ya babu yako imo mgongoni mwangu."

Nyanya hakuichukia Jumapili. Aliipenda kuliko sisi sote. Alisema ukweli tu, kwamba nadhiri ilikuwa ya mtu mmoja, na gharama yake ililipwa na mtu mwingine.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya shauri ambalo limewagawanya Wakristo wa Marekani kwa miaka mingi. Nataka tulitazame pamoja, kwa maana lililowapata wao huko katika mahakama kubwa hutupata sisi hapa katika maduka yetu na nyumba zetu.

Huko Marekani watu wengi hupata bima ya afya kwa njia ya kazi. Mwajiri huichagua bima na kulipa sehemu kubwa, na mfanyakazi hukatwa sehemu yake katika mshahara. Mwaka wa 2010, wakati wa Rais Barack Obama, ilipitishwa sheria mpya ya afya. Kwa nguvu ya sheria hiyo serikali iliagiza kwamba kuanzia Agosti 2012 bima nyingi za kazini zigharimie njia za kupanga uzazi zilizokubaliwa na wakaguzi wa dawa, bila mwanamke kutozwa chochote. Makanisa yenyewe yaliachiliwa. Lakini je, nyumba za wazee zinazoendeshwa na watawa? Na je, mfanyabiashara aliye Mkristo? Hapo ndipo shauri lilipozuka.

Wapo waliolalamika, nao hawakuwa watu wa mzaha. Mmoja ni Bwana David Green wa Oklahoma, mwana wa mhubiri. Mwaka wa 1970 alikopa dola 600, akaanza kutengeneza fremu za picha nyumbani. Kazi hiyo ikakua ikawa kampuni ya Hobby Lobby, ambayo wakati wa kesi ilikuwa na maduka 500 na wafanyakazi zaidi ya 13,000. Familia hiyo haikukataa kupanga uzazi kwa jumla. Kati ya njia 20 zilizoagizwa, ilikubali kugharimia 16. Ilikataa nne tu, yaani vidonge vya aina mbili vinavyomezwa baada ya kujamiiana, na koili za aina mbili. Waliamini kwamba hizo zaweza kuzuia yai lililokwisha kutungwa lisijishike tumboni, na kwao hapo uhai umekwisha kuanza. Madaktari wengi walipinga maelezo hayo, wakisema kazi kubwa ya dawa hizo ni kuzuia mimba isitungwe. Lakini familia ilisimama pale. Kama wangeshindwa na kuendelea kukataa, faini ingefika karibu dola milioni 475 kwa mwaka.

Pamoja nao ilikuwapo familia moja ya Wamennonite wa Pennsylvania, wenye kiwanda cha makabati ya mbao. Na katika kesi nyingine walikuwapo watawa wa Kikatoliki waitwao Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka wa 1839 na Jeanne Jugan ili kuwatunza wazee maskini. Shirika hilo limewahudumia wazee hata hapa Nairobi. Serikali iliwaambia watawa, "Tieni sahihi karatasi hii tu, na wengine watatoa dawa hizo." Wao wakajibu kwamba kutia sahihi ni kuruhusu.

Tarehe 30 Juni 2014 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Hobby Lobby. Majaji watano walikuwa upande wa familia, wanne wakapinga. Jaji Samuel Alito aliandika kwamba serikali isimlazimishe mtu kuvunja dhamiri yake ikiwa iko njia nyingine ya kutimiza kusudi lake. Kwa mfano, serikali yenyewe ingeweza kulipa. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwa waliopinga. Alikumbusha kwamba kuwekewa koili kunakaribia kugharimu mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi anayelipwa kima cha chini.

Ndugu msikilizaji, tusimame kidogo hapo. Mshahara wa mwezi mzima! Mfikirie msichana anayepanga bidhaa dukani. Kodi ya nyumba inamngoja, na pengine mtoto mmoja amekwisha kuzaliwa. Daktari amemwambia kwamba mimba nyingine upesi itahatarisha maisha yake. Msichana huyo huenda si wa kanisa la tajiri wake. Huenda naye ameomba Mungu, na dhamiri yake imempa jibu jingine. Yeye pia ni jirani.

Shauri halikwisha. Mwaka wa 2016 mahakama iliirudisha kesi ya watawa chini, ikawataka watawa na serikali watafute mapatano. Mwaka wa 2017 serikali ya Rais Donald Trump ilipanua ruhusa ya waajiri kujitoa. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangepoteza msaada huo wa bima. Mwaka wa 2020 majaji saba kati ya tisa walisema serikali ilikuwa na mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo. Na mwaka wa 2025 jaji mmoja huko Pennsylvania akazifuta kanuni zile zile. Mahakama hutoa leo na kutwaa kesho. Kwa hiyo Mkristo asingoje mahakama imwambie namna ya kumpenda jirani yake.

Labda mwanzoni utauliza, "Ni nani kati yao aliye Mkristo wa kweli?" Ndugu yangu, tuwe wapole. Katika jambo la kupanga uzazi wafuasi wa Kristo hawakusema neno moja. Mwaka wa 1930 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, Uingereza, walikubali kwamba wenye ndoa waweza kutumia njia za kuzuia mimba wakiwa na sababu njema. Mwaka wa 1968 Papa Paulo wa Sita alizikataza kwa Wakatoliki. Sisi Waprotestanti hapa Kenya tuna hospitali zetu za misheni ambako mama hupewa mashauri ya kupanga uzazi, na hata hivyo wamo katika viti vyetu wazee wasiopenda jambo hilo litajwe. Paulo aliwaandikia Warumi, katika sura ya 14, kwamba anayekula asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu anayekula. Basi tusimcheke mtawa anayeogopa kutia sahihi. Mtu akilazimishwa leo kuvunja dhamiri yake kwa jambo usilolijali wewe, kesho atalazimishwa mwingine, na huenda ukawa wewe.

Lakini Maandiko hayaishii hapo. Katika somo letu la leo Paulo asema maneno mawili ambayo kwanza huonekana kupingana. Katika mstari wa pili ataka tuchukuliane mizigo, na hivyo tuitimize sheria ya Kristo. Katika mstari wa tano asema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Je, ni lipi? Ni yote mawili. Furushi langu ni imani yangu, nadhiri yangu, dhamiri yangu. Hilo nilichukue mimi. Lakini taabu ya mwenzangu niishike upande mmoja, naye aushike mwingine. Tunapokosea ni pale tunapogeuza mambo, tukamtwika mwenzetu furushi letu, na taabu yake tukaiacha chini.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona kichwani pake huoni uzito.

Waangalie tena wale wa Hobby Lobby. Maduka yao hufungwa Jumapili, siku ambayo wenye maduka wengine huuza sana. Hasara hiyo ni yao wenyewe. Dhamiri ni yao, na gharama ni yao. Hapo nawapa heshima bila shaka yoyote. Lakini katika zile njia nne za kupanga uzazi dhamiri ilikuwa yao, na gharama ingaliweza kumwangukia msichana wa dukani. Mambo haya mawili si sawa, hata kama sheria yaweza kuyaita kwa jina moja, uhuru wa dini.

Wako Wakristo wengine huko Marekani waitwao Waamish, watu wa mashamba na farasi. Wao hawapendi bima ya serikali, kwa kuwa waamini ni wajibu wa ndugu kutunza ndugu. Sheria ya mwaka 1965 iliwaachilia wale wanaojiajiri wasiilipie. Kwa nini? Kwa sababu jumuiya yao huwatunza wazee na wagonjwa wake yenyewe. Waliikataa bima, lakini hawakumwacha mzee bila chakula. Lakini mmoja wao aliyekuwa mkulima na seremala alipokataa kutoa mchango huo kwa ajili ya watu aliowaajiri, Mahakama ya Juu mwaka wa 1982 ilimkatalia. Ilisema kwamba mtu akiingia katika biashara kwa hiari yake, asiifanye dhamiri yake kuwa sheria juu ya wanaomfanyia kazi.

Bwana Yesu alikutana na jambo la namna hii. Katika Marko sura ya 7 aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kisha wasiwasaidie baba na mama. Hakukemea sadaka. Alikemea sadaka iliyolipwa na njaa ya mzazi. Na Mfalme Daudi, alipopewa bure uwanja na ng'ombe ili amtolee Mungu, alikataa. Hakutaka kumpa Bwana kitu ambacho hakikumgharimu.

Basi, wewe mwenye duka, wewe mwenye shule, wewe mama uliyeajiri msichana wa nyumbani, neno hili ni letu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inakupa uhuru wa dhamiri. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Siku utakapopaswa kusema, "Mungu wangu haniruhusu kufanya hili," sema bila kuogopa. Lakini usiondoke hapo upesi. Mtazame yule atakayeumia kwa neno lako. Mwulize, "Sasa wewe utafanyaje?" Kama hukuweza kumpa hiki, mwongeze mshahara, mpe ruhusa ya kwenda hospitali nyingine, mlee mtoto atakayezaliwa kana kwamba ni wako. Na wewe unayedai haki yako, idai, lakini usimdharau ndugu anayetetemeka mbele za Mungu.

Nyanya yangu alikufa kabla ya babu. Jumamosi iliyofuata maziko yake, jioni, nilimwona babu akishuka mtoni peke yake na mtungi. Alikwenda mara nne. Aliporudi mara ya mwisho alikaa kizingitini muda mrefu bila kusema neno. Ndipo alipojua uzito wa Jumapili yake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyechukua msalaba wako mwenyewe na mizigo yetu pia, utupe dhamiri iliyo hai. Utupe na macho ya kumwona anayelipa gharama yake, na mabega ya kuichukua sisi wenyewe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.