Mipira ya Motakaa



Mgonjwa apandishwapo kutoka Kirando, kila mtikiso wa motakaa humwumiza. Basi anunuaye mipira asitazame bei tu, bali asome ubavuni. Palipoandikwa 205/70 R15, hiyo 70 ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 70 katika 100 za upana wa mpira. Ubavu mrefu hupokea mashimo kwa upole. Mfupi huyapeleka mgongoni mwa abiria. Lakini asivuke vipimo alivyoagiza mwenye kuiunda motakaa. Tena atazame tarakimu nne za tarehe: 2319 ni juma la 23, mwaka 2019. Mpira uliokaa sana huwa mgumu. Upepo ukizidi, motakaa hurukaruka. Ukipungua, mpira hupata moto ukapasuka. Upimwe asubuhi, mpira ungali baridi. Rahisi ghali, ndugu zangu.