Wababa Nao Wapimwe, na Chakula cha Moto Kitoke Katika Sashe

(Maneno ya timu yetu ya afya kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Leo tunagusa jambo lenye wengi wanaona haya kulisema. Tukipita nyumba kwa nyumba, tunakuta bibi na bwana wenye kukaa miaka bila mtoto. Karibu kila mara lawama inaangukia mama. Mmoja tulimkuta amefunga mizigo, anarudishwa kwao, na bwana hajapimwa hata siku moja. Lakini mara nyingi shida iko kwa mwanaume, ao kwa wote wawili.

Sababu ni nyingi: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, tumbako, pombe. Kuna na ingine tunayoshika kila siku: plastiki. Ndani yake wanatia kemikali. Ftalati zinailainisha, bisfenoli A iko katika plastiki fulani ngumu na ndani ya mikebe ya vyakula. Zinaweza kuvuruga homoni zenye kuamuru mwili wa mwanaume kutengeneza mbegu. Joto na mafuta ndivyo vinazisukuma kuingia katika chakula. Ufaransa ilikataza bisfenoli A katika vyombo vya chakula tangu 2015.

Sasa tujiangalie. Maharagi ya moto, katika sashe. Ugali, tunafunika na sashe. Mawese yangali moto, katika bidoni. Makala tunawasha na plastiki, moshi tunavuta. Na bidoni ya dawa ya shamba tunaiosha, tunachotea maji! Hiyo ni mbaya kupita zote. Mwaka 1977, Marekani, wanaume waliotengeneza dawa ya shamba iitwayo DBCP walipimwa; wengi walikutwa na mbegu chache ao hawana kabisa.

Hatusemi mutupe bidoni zote. Tunasema hivi: chakula cha moto kiende katika sahani ya chuma, chungu ao majani ya migomba. Mawese yapoe kwanza. Makala tuwashe na majani makavu. Bidoni ya dawa itobolewe, isirudi nyumbani.

Serikali yetu ilikataza sashe kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini sokoni zingali zimejaa. Wale waliokuwa Nyarugusu wanakumbuka: Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na watu wakashika vikapu. Kule tuliweza, hapa tutashindwa na nini?

Wababa, mbegu mpya inachukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa. Hatuahidi mtoto, lakini mwili unapewa nafasi. Muende kupimwa pamoja na bibi zenu, mbele ya kufunga mizigo ya mutu.

Na marafiki wafadhili, kipimo cha mwanaume kiko mbali na kinaomba pesa. Mutusaidie nauli na kipimo: hapo ndipo ndoa nyingi zinaponea.