Kaliua: Mji wa Njia Panda ya Reli



Usharika unapohesabu miaka yake, yafaa uhesabu pia miaka ya udongo uliopandwa juu yake. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, Mwisraeli anayeleta kikapu cha malimbuko haruhusiwi kukiweka tu mbele ya madhabahu na kwenda zake. Anatakiwa kwanza aseme asili yake: kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Mji wa Kaliua una sababu nyingi za kuisoma sura hiyo kwa makini, kwa kuwa ni vigumu kupata mji mwingine katika nchi ya Unyamwezi ambao umejengwa na wapita njia kwa kiasi hiki.

Kaliua iko zaidi ya kilometa mia moja magharibi mwa Tabora, ng'ambo ya Urambo, katikati ya misitu ya miyombo. Kusini kuna pori la Ugalla, ambalo sehemu yake ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Magharibi ardhi inateremka taratibu kuelekea mabonde na vinamasi vya Malagarasi. Hakuna mlima wa kuvutia macho wala ziwa mlangoni. Kilichowaleta watu hapa ni njia.

Njia ya kwanza ilikuwa ya miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha ikaendelea kuelekea Ujiji. Burton na Speke waliondoka Kazeh mwishoni mwa 1857, wakapita Msene, wakavuka Malagarasi, wakafika Ujiji Februari 1858. Vitabu huwataja hao wawili, na kuwasahau waliobeba mizigo. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, watu waliozoea kuondoka nyumbani wakati wa kiangazi na kurejea mvua zinapokaribia ili wawahi mashamba. Waliijua njia kabla wageni hawajaichora kwenye ramani. Walibeba pembe na nguo, na pia chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma, ambayo kwa mtu wa kawaida yalikuwa na maana kuliko pembe. Kila mtemi ambaye msafara ulipita katika nchi yake alidai hongo; neno ambalo siku hizo lilikuwa na maana ya ushuru halali wa njia, wala halikuwa na aibu lililo nayo leo.

Mtemi aliyeifahamu thamani ya njia hiyo kuliko wote ni Mirambo, mwana wa Uyowa. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji mbele ya Waarabu wa Tabora. Waarabu wakamwendea vitani, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akaungana nao. Kundi lao moja liliingia Ulyankulu mwezi Agosti, likateka pembe na watu. Lilipokuwa likirudi na mateka, Mirambo akalivizia njiani na kulisambaratisha. Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ndipo akafika Ujiji. Jina hilo la Ulyankulu lishikwe, kwa maana litarudi.

Mirambo alifariki Desemba 1884, na himaya yake haikudumu baada yake. Lakini ni kwake ambako Injili ilipata mlango katika sehemu hizi. Daktari Ebenezer Southon wa Chama cha Misheni cha London alipokewa Urambo mwaka 1879, akatibu wagonjwa na kuwa karibu na mtemi, hata alipofariki mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mwaka 1898 kazi ya Urambo ilikabidhiwa kwa Wamoravian, ambao mizizi yao imebaki katika vijiji vya Urambo na Usoke hata leo. Katika adhimisho la Kilutheri ni haki kusema wazi kwamba waliotangulia kulima shamba hili ni ndugu wengine, na kwamba jembe lililofuata lilikuta ardhi imekwisha kuvunjwa.

Njia ya pili ilikuwa ya chuma. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Kati ya miaka hiyo miwili ya mwisho ndipo reli ilipokata msitu wa Kaliua. Mara tu ilipokamilika ilipitisha mzigo wa ajabu: vipande vya meli Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kupakiwa katika maelfu ya makasha ili ikaunganishwe upya Kigoma. Meli hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba. Basi kabla haijayajua maji ya Tanganyika, meli ilipita Kaliua, penye msitu mtupu.

Vita vilifuata upesi. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliteka Kigoma, yakasonga mbele kando ya reli, na Septemba 19 yakaingia Tabora. Kwa wakulima wa kandokando ya reli, vita hivyo havikuwa vyao hata kidogo. Walivijua kwa kuchukuliwa vyakula na vijana wa kubeba mizigo.

Baadaye lilikuja jambo ambalo halitajwi sana, ingawa ndilo linaloeleza hali ya ardhi ya wilaya hii. Katika miaka ya 1920 na 1930, malale yalienea katika nchi ya magharibi. Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu waliotawanyika misituni na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili wakae mbali na mbung'o, ambao wengi hapa huwaita ndorobo. Vijiji viliachwa, mashamba yakarudi kuwa pori, na makaburi ya wazee yakabaki chini ya miti. Sehemu kubwa ya maeneo hayo baadaye iliingizwa katika misitu ya hifadhi na mapori ya wanyama. Kwa hiyo msafiri wa miaka iliyofuata alipotazama dirishani na kusema kwamba nchi hii haina wenyewe, alikosea. Ilikuwa na wenyewe, nao walihamishwa.

Kilichoigeuza stesheni ndogo ikawa mji ni madini ya risasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira ilihitaji kusafirisha madini kutoka Mpanda, na serikali ikajenga tawi la reli la kilometa 210 kutoka Kaliua kwenda kusini, kupitia Mto Ugalla. Lilipokamilika, karibu na mwaka 1950, Kaliua ikawa njia panda. Mgodi wenyewe haukuishi miaka mingi. Ulifungwa mwaka 1960. Tawi la reli likabaki, na pamoja nalo watu waliolifuata: mastesheni masta, mafundi, makarani, walinzi na wale wa magenge waliokaa kando ya reli kulinda mataruma. Njia panda ina tabia yake. Mtu wa Mpanda na mtu wa Kigoma hutengana hapo, na palipo na kutengana na kungoja pana mama mwenye chai, mwenye nyumba ya kulala wageni, fundi baiskeli, na pasipo shaka pana watu wachache wanaosali pamoja kwa sababu wako mbali na kwao. Mzee yeyote wa kanisa katika miji ya relini anaijua hali hiyo: mfanyakazi anahamishwa, anafika na kitabu chake cha nyimbo ndani ya sanduku la bati, anauliza wenzake wanasali wapi, na akijibiwa kwamba hawapo, anaanza nyumbani kwake.

Maisha ya mji kwa miaka mingi yalipimwa kwa garimoshi. Lilipopiga honi, wanawake na watoto walikimbilia madirishani wakiwa na asali katika chupa, karanga za kuchemsha, michembe, matobolwa, mihogo, na wakati wa masika uyoga wa porini uliojaa beseni. Asali ya miyombo haikuwa bidhaa ya kubuniwa na mradi wowote. Wanyamwezi wametundika mizinga ya magome juu ya miti tangu zamani, na nta ya Tabora iliuzwa ng'ambo kabla ya zao la tumbaku kuenea. Garimoshi lilipokosekana, mji uliishiwa pumzi. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko yaliharibu reli huko Kilosa, mamia ya kilometa kutoka hapa, na safari zikasimama kwa miezi. Chumvi na saruji zilipanda bei Kaliua kwa sababu ya mto ambao wengi wa wakazi wake hawajawahi kuuona. Tangu hapo barabara ya lami kutoka Tabora imesogea kipande kwa kipande, na malori yamechukua sehemu kubwa ya kazi ya mabehewa. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, na ahadi hiyo imewafanya wenye viwanja karibu na stesheni waanze kuhesabu upya.

Kuhusu tumbaku, hapana budi kusemwa ukweli hata siku ya sherehe. Mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kushika Urambo pia, ulianguka ndani ya miaka michache. Ardhi iliyokuwa imefyekwa ikapewa tumbaku, na katika miaka iliyofuata, hasa baada ya Uhuru na wakati wa kuanzishwa kwa vijiji, zao hilo likaenea hadi Kaliua. Limewasomesha watoto. Mabati mengi ya mji huu, bila kuziacha nyumba za ibada, yamenunuliwa kwa tumbaku. Lakini jani la tumbaku halikaushwi kwa jua peke yake. Hufungwa kwenye fito, hupangwa ndani ya bani, na moto wa kuni hukokwa usiku na mchana kwa siku nyingi pasipo kuzimika, huku mkulima akilala mlangoni kulinda joto. Kuni hizo ni mtundu na myombo, miti ileile ambayo nyuki huinyonya maua yake. Mkulima mmoja, basi, anakata kwa mkono wa kulia kile anachokivuna kwa mkono wa kushoto, na si kwa upumbavu: tumbaku ina mnunuzi anayekopesha mbolea, asali haina. Fedha nayo huja mara moja kwa mwaka, masoko yanapofunguliwa, na makato ya mkopo hutangulia mkono wa mwenye marobota. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao walikuta msitu umekwisha kufunguka na mbung'o wamerudi nyuma, na hivyo migogoro ya malisho na mashamba nayo ikafunguka.

Sasa Ulyankulu. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwafanya watu wengi mno wavuke mpaka kuingia Kigoma. Serikali ya Tanzania iliamua kutowaacha mpakani. Ikawatengea ardhi ndani ya nchi, na makazi ya kwanza yakawa Ulyankulu, kaskazini ya Kaliua. Yakafuata Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, haya ya mwisho yakianzishwa kwa sababu maji na ardhi ya Ulyankulu havikuwatosha wote. Kazi ya kupima mashamba, kuchimba visima, kujenga shule na zahanati ilifanywa na serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na Huduma ya Kikristo ya Wakimbizi, TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka mmoja tu baada ya makanisa saba kuungana na kuwa KKKT. Walutheri wa sehemu hizi wana haki ya kuikumbuka kazi hiyo kwa shukrani. Wana wajibu pia wa kukumbuka kwamba iliyogawiwa ni nchi ya watu waliokuwa wamehamishwa na malale, na kwamba ilipokewa na watu waliokuwa wamehamishwa na mapanga.

Waliofika walilima. Walilima mahindi, muhogo, maharage na tumbaku, wakalisha soko la Kaliua, wakajenga makanisa ya miti na nyasi kabla ya kumaliza nyumba zao. Hata hivyo hawakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali, na mtoto aliyezaliwa hapo aliandikwa mkimbizi kutoka nchi ambayo hajaiona.

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Wakimbizi zilikubaliana kuwauliza watu wa makazi yote matatu, wapatao 218,000, wachague kurudi au kuomba uraia. Takriban wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, kwa sharti zito: wahame makazi hayo na kutawanyika katika mikoa mingine ndipo wapewe vyeti. Wengi walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi. Wengine waliacha kupanda mazao ya muda mrefu, wengine waliacha kukarabati nyumba, kwa kuwa hakuna aliyejua siku ya kuondoka. Halmashauri za huko walikotakiwa kwenda nazo hazikuwa zote tayari kuwapokea. Mwaka 2011 zoezi la kuwahamisha lilisimamishwa. Mwaka 2012, wakati Kaliua ilipotengwa na Urambo ikawa wilaya, na sensa ikahesabu humo karibu watu laki nne, sehemu kubwa ya wakazi wa Ulyankulu walikuwa wamehesabiwa pasipo kuwa raia wa nchi yoyote.

Sharti la kuhama hatimaye liliondolewa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1973 alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, au karibu nayo, na pengine ana wajukuu, siku alipokishika chake.